Majani Mapana ya Mke wa Kinyozi

Jani huelekea mwanga. Jambo hilo halihitaji shule, na mke wa kinyozi alilijua kabla hajajua kuvaa viatu. Kwa hiyo asubuhi aliyofungua mlango wa jiko akakuta majani yote kumi na mawili ya mmea wake, kila moja pana kama sinia, yameupa mwanga mgongo na kumkodolea yeye, alisimama na ndoo mkononi akayatazama kwa muda. Kisha akasema, "Haya, nimeamka. Mnataka nini?" Akacheka peke yake, akamwaga maji, akarudi ndani. Siku hiyo hakumwambia mtu.

Bustani yenyewe ulikuwa ukanda wa hatua nne kwa kumi nyuma ya nyumba, umebanwa kati ya jiko na ukuta mrefu wa ghala la jirani. Jua lilichungulia pale kwa robo saa tu, halafu likaenda zake. Maji ya kufulia yalipita humo na udongo haukukauka mwaka mzima. Alipanda nyanya, zikaoza. Alipanda pilipili, zikarefuka bila kuzaa. Mumewe, mtu ambaye mdomo wake haukujua likizo, alisema mahali pale panafaa kufugia vyura. Mke akanuna siku mbili. Ya tatu akaenda kwa shangazi yake, akarudi na kipande cha tunguu, lile shina nene linalolala chini ya udongo, kimefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa.

"Huu hautaki jua," shangazi alikuwa amemwambia. "Unataka kivuli, maji, na mtu mkaidi."

Mkaidi alikuwepo. Alijifunza kutozika chipukizi, kumwagilia udongo na si jani, kutandaza majani makavu kutunza unyevu, na kuuchimbua mmea wote kila baada ya miaka mitatu ili augawe, maana katikati huzeeka na kuwa kipara. Kila kiangazi majani yalinyauka yote, ungedhani umekufa. Mvua ya kwanza ikinyesha, vichwa vyekundu vinachomoza. Wapita njia waliochungulia hapo walimwomba kipande, naye aliwanyima wengi kwa furaha kabisa.

Adui yake alikuwa koa, yule konokono asiye na nyumba, anayetoboa jani changa likafunguka likiwa chujio. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mke wa dereva au mke wa fundi viatu asingeweza kulifanya hata angetaka. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa cha kunyolea: viti viwili, kioo kirefu, na redio. Mumewe alikuwa na sharti moja alilorithi kwa mwalimu wake wa kazi, kwamba nywele za wateja zichomwe kila jioni, zote, mpaka za kwenye kona, kwa sababu hujui nani ataziokota. Lakini mke alikuwa amesikia kwamba koa hapendi kutambaa juu ya nywele. Akajaribu konzi moja. Ilikuwa kweli. Tangu jioni ile akawa anasema, "Kaa upumzike, nitachoma mimi," anachukua karai, anapita nalo jikoni, na kuzitandaza zile nywele kulizunguka shina. Nywele za mwalimu wa shule, za dobi, za muuza nyama. Na za mumewe, alizomkata yeye mwenyewe kila baada ya wiki mbili, akazizika karibu zaidi na mzizi kwa sababu zilikuwa laini. Miaka saba. Nywele zilishika unyevu vizuri kuliko kitu chochote, na majani yakatoka kwenye upana wa sahani yakafika upana wa sinia. Akisifiwa alisema ni mkono tu.

Kiangazi cha mwaka huo majani hayakunyauka. Ndipo yakageuka.

Siku ya tatu baada ya kugeuka, saa nane mchana, mtaa ukiwa umelala kwa joto, alikuwa anasugua sufuria akasikia nyuma yake, "Shemeji, hujambo?"

Wateja wote walimwita shemeji. Sauti ilikuwa ya mwalimu. "Sijambo, shemeji, pita mbele," akajibu, akajifuta mikono na kwenda chumba cha kunyolea. Mumewe alikuwa amesinzia kwenye kiti cha wateja. Hakukuwa na mtu mwingine. Aliporudi jikoni akasikia tena, "Shemeji, hujambo?" kwa kipimo kile kile, bila kupanda wala kushuka, na safari hii akajua inatoka wapi. Harufu ya udongo uliolowa iliingia mlangoni, na ndani yake ilikuwepo harufu ya mafuta ya nywele.

Jioni mwalimu alikuja mwenyewe, akaonyesha koo lake kwa kidole. Sauti ilikuwa imekatika darasani, katikati ya sentensi. Kinyozi akamwambia bila shaka wanafunzi wamefanya sherehe. Mwalimu akacheka bila mlio. Keshokutwa yake ikawa zamu ya dobi, kisha muuza nyama, na ndani ya siku kumi wanaume watano wa mtaa ule walikuwa wanaongea kwa mikono. Wote walikuwa wateja wa miaka mingi. Huko nyuma, kwenye kivuli, salamu ziliongezeka. Mke wa kinyozi alipita pale kuanika matambara akasalimiwa na wanaume watano kutoka kwenye mmea mmoja, na hakuitika. Aliogopa, tena sana, lakini hasira ilikuwa imeitangulia hofu kidogo.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja kinyozi alikuwa anamnyoa mteja ndevu huku anasimulia kisa chake cha mtu aliyepeleka mbuzi studio apigwe picha. Mtaa mzima ulikijua kisa hicho na bado ulikicheka. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa. Kinyozi alifika pale mpiga picha anapomwambia mbuzi atabasamu, akavuta pumzi, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Akashika shingo yake. Kisha kutoka nyuma ya nyumba, kupitia jikoni, kupitia korido, mwisho wa kisa ukaja wenyewe, kwa sauti yake yeye, na vituo vyake vyote, na baada ya kisa kikaja kicheko chake, kile cha kukohoakohoa mwishoni, kikaendelea, kikaendelea kupita pale ambapo mtu mwenye mapafu angevuta pumzi, kikaendelea mpaka mteja akanyanyuka na povu shavuni, nusu ya ndevu ikiwa imenyolewa na nusu bado, akatoka nje na shuka la kunyolea shingoni, na kicheko kikawa bado kinaendelea.

Mke aliweka kitambaa chini, akaenda nyuma.

Palikuwa na ubaridi wa kisima. Hakukuwa na upepo, lakini majani yalikuwa yanapandana polepole, moja juu ya jingine, kama mtu anayekunja mikono baada ya kushiba.

"Bibie," sauti ya mumewe ikasema. Hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita hivyo.

"Usiniite hivyo. Wewe nani?"

"Nilikuwa napita. Nikakuta kivuli, nikakuta maji, nikakuta nimeandaliwa chakula. Nikakaa. Miaka saba umenilisha kwa mkono wako, bibie, leo ndiyo unaniuliza mimi nani?"

"Sikukulisha wewe. Nilikuwa nafukuza koa."

"Hao wengine niliwaonja tu. Huyu mmoja ulinizikia mzizini, ni wangu kabisa." Jani moja likanyooka kuelekea kilemba chake. "Zako sijaonja. Unazifunga kwenye kilemba, unazichana chumbani, hudondoshi hata moja. Niletee za kichwa kizima, nami nitamrudishia sauti."

Alirudi ndani, akachukua mkasi mezani, akafungua kilemba mbele ya kioo kirefu. Nywele zilimfika mabegani. Hazikuwa na thamani kuliko mumewe, hata kidogo, na mkono wake ulikuwa tayari umeinuka. Kinyozi alimtazama kupitia kioo, macho yakiuliza.

"Sikuzichoma," akamwambia. "Nywele za wateja. Nilikuwa nakudanganya. Nilizitandaza kwenye mmea, na zako pia. Sasa kuna kitu kimekaa mle kinazungumza kwa sauti yako, na kinataka hizi."

Kinyozi alichovya kidole kwenye povu la sabuni akaandika kwenye kioo: *Miaka mingapi?*

"Saba."

Akakaa kitini. Alikuwa na haki ya kukasirika na alikasirika. Mke aliona taya likicheza. Hiyo ndiyo dakika iliyomuuma kuliko zote, kwa sababu mume aliyezoea kumtania asubuhi na jioni hakuwa na namna ya kumgombeza. Hatimaye akaandika tena: *Kichwa kigumu wewe.* Kisha akamnyang'anya mkasi, akautia mfukoni, akamfunga kilemba yeye mwenyewe, vibaya.

Siku iliyofuata wifi, dada wa kinyozi, alileta mganga. Alikuwa mzee nadhifu mwenye mkoba wa ngozi na simu mbili. Alifukiza ubani bustanini, akasoma, akanyunyiza. Majani yalimpigia makofi. Yalipiga taratibu, kwa heshima, na mganga akarudi jikoni akifuta jasho akaomba kiti.

"Ni jini la kivuli," akasema kwa sauti ya chini. "Limeota mizizi. Ling'olewe, likatwe vipande saba, kila kipande kitupwe njia panda yake."

"Hapana," mke wa kinyozi akasema.

"Wifi, nyamaza usikie," wifi akanong'ona.

"Nimesikia. Mzee, samahani, mimi nililetewa kipande kimoja, urefu wa kidole. Hebu tazama kilivyo leo. Huu mmea ukiukata vipande saba ukavitupa kwenye matope, umenipandia saba."

Mganga hakuwa mtu wa bustani, na ilionekana kwamba hakuwahi kulifikiria hilo. "Basi hameni," akasema. "Na msiuue mzizi ovyo. Sauti ya mtu imo ndani. Mzizi ukifa, sauti nayo imekufa." Akafunga mkoba wake, na hakutaka kupita tena nyuma kuchukua chetezo alichokisahau.

"Hameni, wifi yangu," wifi akasema mlangoni, machozi yanamlenga. "Kaka yangu anazimika hivi hivi. Nyumba ni matofali tu."

"Matofali hayo nimeyabeba kwa kichwa nikiwa na mimba. Nyumba hii siliachii jani."

Usiku ule aliwaza kama mkulima. Mganga aliujua ulimwengu wake, lakini mmea aliujua yeye. Unapenda nini? Kivuli, maji, na kutofichuliwa mizizi. Atauondolea vyote vitatu, polepole, mpaka uachie. Basi. Alfajiri alimwamsha mumewe, akamweleza alichokusudia, pamoja na lile neno la mganga kuhusu sauti, hakulificha. Alikuwa ameficha vya kutosha. Kinyozi alifikiri huku akikuna kidevu, kisha akaenda kutafuta kamba.

Walichimba wote wawili. Chini ya udongo nywele za miaka saba zilikuwa zimesokotana na mizizi zikawa kitu kimoja, blanketi jeusi lililolowa, na kila uma wa kuchimbia ulipoingia, zile nywele ziliushika. Zilivuta. Mke alivuta upande wake. "Vuta tu," akasema akihema, "na mimi nimekula." Wanaume sita walikuwa wanamwita shemeji, bibie, shemeji, wakamwambia anawaumiza, naye alichimba kwa mbali kabisa na shina ili asikate hata mzizi mmoja ukabaki. Alipapasa shimo kwa vidole mpaka akahakikisha. Wakaubeba kwa kamba, mzima, ukiwa na uzito wa mtu, wakaupandisha ngazi hadi juu ya paa la zege alikokuwa anaanika nguo, wakaulaza mizizi juu, katikati ya jua.

Uliguna mara moja, halafu ukanyamaza.

Siku ya kwanza majani yalilegea. Mke alikaa kwenye ndoo aliyoigeuza, hatua tatu tu kutoka kwenye mmea, kilemba kimeshuka hadi kwenye nyusi. Alasiri sauti ya dobi, nyembamba, ikasema, "Shemeji, maji kidogo." Ikarudia mara kumi. Kisha ikakatika, na punde huko chini mtaani mtu akasikika akimtukana mwendesha pikipiki aliyerusha vumbi kwenye shuka zake. Alikuwa dobi. Mke wa kinyozi aliinuka, akachungulia ukingoni, akamwona anashika koo lake na kucheka, akarudi kwenye ndoo. Jioni alifunika zigo lile kwa nailoni lisipate umande, na asubuhi akalifunua.

Siku ya pili walirudi wanne, mwalimu akiwa wa mwisho. Blanketi la nywele lilikuwa linakauka, linapasuka, na linanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya sufu. Siku ya tatu palibaki sauti moja.

"Bibie," ikasema, saa sita mchana. "Nina kiu."

Akavuta kilemba chini zaidi.

"Wale nimewaachia. Hawakuwa wangu. Huyu nimemla miaka saba, nikikauka anakauka. Mzee alikwambia. Bibie, unakumbuka ulipougua homa, nani alikaa anakupa maji kwa kijiko? Nani alikwambia ukifa atafunga chumba cha kunyolea? Mimi. Hii hapa sauti yenyewe, hakuna nyingine, huko chini kuna mtu mwenye mdomo mtupu. Kikombe kimoja. Mimina kwenye mzizi tu, si lazima unipende, mimina, bibie, mimina," na ikaendelea hivyo, kwa ule upole wa mumewe akiwa na usingizi, ikamtajia mtoto wao waliyemzika, kwa jina ambalo wao wawili tu walikuwa wakimwita, na mke wa kinyozi akajikuta amesimama, kikombe chake cha kunywea kikiwa mkononi, kimejaa, na hakukumbuka alisimama saa ngapi, wala hakujua kama miguu iliyokuwa inatembea kuelekea pale ilikuwa yake.

Mkono ukamshika kiwiko.

Kinyozi alikuwa amepanda ngazi. Alisimama akisikiliza sauti yake mwenyewe ikimbembeleza mkewe, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia mwizi akitumia jina lake. Ilimwomba yeye pia. Ikamwambia, wewe kinyozi bubu, nani atakuja kukaa kwenye kiti chako? Akakichukua kikombe kutoka kwa mkewe. Akakinywa chote, polepole, akiitazama ile mizizi, tone la mwisho akalilamba. Kisha akageuza ndoo ya pili, akakaa, akamwonyesha mkewe naye akae.

Walikaa mpaka saa kumi. Sauti ilitukana, ikalia, ikaimba, ikawa mnong'ono, ikawa mkwaruzo. Tunguu likapasuka kwa mlio wa kuni. Kinyozi akafungua mdomo kujaribu, na hakikutoka kitu. Akajaribu mara tatu. Mke alilia hapo hapo juani bila kujifunika, na mumewe akampigapiga mgongoni kama yeye ndiye aliyepotelewa. Walichoma kila kitu kwenye pipa, mpaka vya kwenye kona.

Siku nne kinyozi alinyoa kimya. Wateja walirudi, wakasimulia wao. Siku ya tano asubuhi mkewe alikuwa anafagia korido, akasikia kutoka chumbani, wazi, kwa sauti ile ile, yenye upole ule ule:

"Bibie. Maji."

Fagio lilimwanguka. Mumewe alikuwa ameketi kitandani, amefumba macho, midomo mikavu. Mwili mzima wa mke ulitaka kumrukia kwa furaha, na mwili huo huo ulipata baridi mpaka kwenye kucha. Alikwenda jikoni akajaza kikombe. Alirudi nacho, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Maji yapo juu," akasema. "Njoo unywee juani."

Alitangulia yeye, akipanda ngazi kinyumenyume ili amwone. Aliweka ndoo katikati ya paa, akaweka kikombe mbali, akamwambia avue kofia. Akakaa. Jua la saa nne lilimpiga utosini. Mke alisimama mbele yake na uma wa kuchimbia mkononi. Dakika tano. Kumi. Jasho likamtoka kwenye paji, likashuka shingoni, jasho la kawaida lenye chumvi. Alimgusa kwa kidole akakilamba kidole.

"Unanionja?" kinyozi akauliza, kwa sauti iliyokwaruza. "Miaka ishirini na mbili nimeoa, sikujua nimeoa askari jela."

"Kaa."

"Nimekaa, mama. Kichwa kinaungua. Nikipata kipara utaninyoa nini?"

Akampa kikombe, uma bado ameushika. Kinyozi akanywa, akafuta mdomo kwa kiganja, akamrudishia. Mke akatazama ndani. Alikuwa ameacha nusu.

Kitu chenye kiu ile kisingeacha nusu. Aliutupa uma, akakaa chini kwenye zege la moto, akacheka kwa kelele mpaka majirani wakatoka madirishani, na mumewe akaanza kuwaeleza, kwa sauti kubwa na bila kuulizwa, mwanzo hadi mwisho, jinsi mkewe alivyotaka kumkausha.